Je, Wajua? Fizikia ya Uongo Ndiyo Utamu wa Gemu za Risasi

Je, wajua kwamba katika gemu nyingi za kufyatua risasi, risasi yenyewe haipo? Ukibonyeza kitufe katika Counter-Strike, hakuna kipande cha chuma kinachotoka kwenye mtutu. Kompyuta huvuta mstari mnyoofu usioonekana kutoka jichoni mwa mchezaji, hutazama mstari huo umegusa nini kwanza, na papo hapo huamua nani kaumia. Mwako, mlio, maganda yanayodondoka na tundu linalobaki ukutani ni mapambo yanayokuja baada ya hukumu kutolewa.

Sababu inaeleweka ukipiga hesabu kidogo. Gemu huhesabu dunia yake kwa vipande vya muda, tuseme mara 60 kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya kivita inayokwenda mita 900 kwa sekunde ingesogea mita 15 kati ya hesabu moja na inayofuata. Weka ukuta wa sentimita 20 hapo katikati. Hesabu ya kwanza inaikuta risasi mbele ya ukuta, ya pili inaikuta nyuma yake, na hakuna hesabu iliyoiona ikigusa tofali. Mstari mmoja unaomaliza kazi yote kwa mpigo huondoa balaa hilo, tena hauichoshi kompyuta.

Sehemu ya programu inayoamua vitu vianguke vipi, vigongane vipi na visukumane vipi ndiyo huitwa injini ya fizikia. Wengi hudhani kadiri injini hiyo inavyokaribia ukweli, ndivyo gemu inavyonoga. Historia ya gemu za risasi inaonyesha vingine kabisa. Mchezaji hahitaji kanuni za dunia hii. Anahitaji kanuni zisizomgeuka. Mcheza kandanda aliyekulia kwenye uwanja wa vumbi wenye mabonde hujua mpira utadunda wapi, na ujuzi huo humpa raha hata kama uwanja wenyewe ni mbovu. Mpe uwanja unaobadilika kila siku, ataacha kucheza.

Je, wajua kwamba seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu ya mtandaoni, hurudisha wakati nyuma? Mwaka 2001 Yahn Bernier wa kampuni ya Valve aliandika maelezo ya njia hiyo, na hadi leo gemu nyingi za mtandaoni zinaitegemea. Adui unayemwona kwenye skrini yako unamwona pale alipokuwa, siyo pale alipo, kwa kuwa habari zake zimechelewa njiani. Mchelewo ukiwa milisekunde 200, mtu anayekimbia uniti 250 kwa sekunde (uniti ni kipimo cha umbali ndani ya gemu), ambayo ni kasi ya aliyeshika kisu katika Counter-Strike, anakuwa ameshasogea uniti 50. Mwili wake una upana wa uniti 32 tu. Maana yake ungemlenga katikati ya kifua na bado ukamkosa.

Kwa hiyo seva hutunza kumbukumbu ya mahali alipokuwa kila mchezaji. Amri yako ya kufyatua ikifika, seva huwarudisha wote pale walipokuwa machoni mwako, hupima, kisha huendelea na sasa. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kujibanza nyuma ya ukuta hujikuta amekufa, akalaani mtandao wake. Kuna anayedhulumiwa, ni kweli. Lakini naona Valve walichagua vema. Kabla ya hapo, wacheza gemu ya Quake wenye mtandao wa polepole walilazimika kufyatua mbele ya adui kwa kukisia ucheleweshaji wa laini ya simu, na ustadi wa namna hiyo hauhusiani na shabaha hata kidogo.

Zipo gemu zinazoiacha risasi iruke kweli. PUBG, iliyotoka 2017 chini ya uongozi wa Brendan Greene wa Ireland, na ambayo toleo lake la simu linajulikana vema Dar es Salaam na Nairobi, huipa risasi mwendo, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyoshuka. Anayelenga mtu wa mbali sharti ainue shabaha kidogo, na mtu huyo akiwa anakimbia, sharti afyatue mahali ambapo hajafika bado. Raha hapa ni ya aina nyingine: ile nusu sekunde ya kungoja kati ya kufyatua na kujua. Gemu hiyohiyo ina kikaango ambacho hakuna risasi inayopenya, hata kikiwa kimening'inia tu kiunoni. Kikaango cha kweli kisingefanya hivyo mbele ya bunduki ya kivita. Lakini kikaango cha PUBG hufanya hivyo kila mara, bila kukosa, na wachezaji wakakipenda kuliko bunduki kadhaa.

Je, wajua kwamba ukiwa ndani ya Quake unavutwa chini kwa nguvu iliyo kama maradufu ya ile ya dunia? Gemu hiyo ya id Software, iliyotoka Juni 1996, ina mvutano wa uniti 800 kwa sekunde kwa sekunde. Ukihesabu uniti moja kuwa inchi moja, kama wafanyavyo wengi, unapata kama mita 20, ilhali mvutano tuliofundishwa shuleni ni 9.8. Mchezaji huruka kwa kasi ya uniti 270, hupanda kiasi cha uniti 45, na huwa ametua baada ya theluthi mbili za sekunde. Kwa mvutano wa kweli, kuruka kimo hichohicho kungechukua karibu sekunde nzima. Tofauti inaonekana ndogo, lakini aliye hewani hawezi kukwepa, na katika gemu ya kasi namna ile hiyo theluthi ya ziada ni kifo. Halo, iliyotoka 2001, iliamua kinyume: miruko mirefu, ya kuelea, na mapambano yake yakawa ya mwendo mwingine kabisa, ya watu wanaosomana hewani.

Makosa ya hesabu yamezaa raha nyingi kuliko hesabu sahihi. Katika Doom ya 1993, mtu anayekimbia mbele husukumwa kwa nguvu ya 50, na anayekwenda ubavu husukumwa kwa 40. Ukibonyeza vyote viwili, programu hujumlisha bila kukumbuka kuweka kikomo, na Pythagoras anamaliza mengine: mraba wa 50 na mraba wa 40 jumla yake ni 4,100, na kipeuo chake cha pili ni 64. Anayekimbia kimshazari huwa na kasi zaidi kwa asilimia 28 kuliko anayekwenda mbele. Wanaoshindana kumaliza Doom kwa muda mfupi hupita gemu nzima wakiwa wameelekeza uso pembeni kidogo.

Halafu kuna roketi. Mlipuko katika Doom husukuma chochote kilicho karibu, hata aliyefyatua. Katika Quake, ambako juu na chini vilihesabiwa kikamilifu, wachezaji waligundua kwamba ukiielekeza roketi miguuni na kuruka papo hapo, unatupwa juu hadi kwenye vibaraza visivyofikika kwa njia ya kawaida. Unalipa kwa afya yako, unapata urefu. Huo ni uamuzi mzuri sana kumwachia mchezaji, na hakuna aliyekaa mezani akaubuni. Kufikia Team Fortress 2 ya 2007, mhusika mzima, Soldier, alikuwa amejengwa juu ya mbinu hiyo.

Je, wajua kwamba John Carmack, mwandishi mkuu wa programu za Quake, aliwahi kujaribu kuiondoa mbinu iliyoipa gemu yake maisha marefu? Hii inastahili kuelezwa polepole. Ukiwa hewani, injini ya Quake hupima kasi yako kuelekea upande unaoubonyeza. Ikiwa chini ya kikomo, inakuongezea. Kasoro ni kwamba haipimi mwendo wako wote, bali ile sehemu yake tu inayoelekea upande huo. Mchezaji akibonyeza kitufe cha ubavu huku akigeuza uso taratibu, upande anaoubonyeza unakaribia kufanya pembemraba na upande anakoruka. Sehemu inayopimwa inakaribia sifuri. Injini inaona mtu aliyesimama, inamsukuma. Inamwona tena, inamsukuma tena. Na akiruka mara tu miguu inapogusa sakafu, msuguano haupati nafasi ya kumpunguza. Kutoka uniti 320 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya kawaida katika Quake III Arena ya 1999, mahiri hufikia maradufu na zaidi.

Carmack aliiona kuwa hitilafu, na alikuwa sahihi. Alipoiziba wakati wa kutengeneza Quake III, aligundua kwamba hata mwendo wa kawaida ulipoteza ladha mikononi, akairudisha. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa hesabu zake nyingi maarufu, kwa sababu si rahisi kwa mtu wa hesabu kukubali kwamba mikono ya wachezaji inajua jambo ambalo karatasi haijui. Wachezaji nao wakaenda mbali zaidi, wakatengeneza DeFRaG, geuzo la Quake III ambamo watu hawapigani kabisa. Wanashindana kukimbia tu.

Quake III ilikuwa na siri nyingine. Kila fremu, yaani kila picha ya skrini, kasi ya mchezaji ilifanywa namba nzima. Kompyuta iliyotoa fremu 125 kwa sekunde ilihesabu kila milisekunde 8, na katika muda huo mvutano ulipaswa kupunguza kasi yako kwa 6.4. Ikakadiriwa kuwa 6. Mvutano wa 800 ukawa 750. Kompyuta iliyohesabu kila milisekunde 16 ilipaswa kupunguza 12.8, ikapunguza 13, na mvutano ukapanda kupita 812. Kwa maneno mengine, mwenye kompyuta nzuri aliruka juu zaidi ya mwenzake ndani ya gemu moja, kwenye ramani moja. Hapo sioni utamu wowote. Kosa la kwanza, lile la kuongeza kasi hewani, liko wazi kwa kila mwenye bidii. Hili la pili lilinunuliwa dukani, na ilikuwa haki kuongeza baadaye mpangilio wa kuhesabu mwendo kwa vipande sawa kwa wote.

Starsiege: Tribes ya 1998, kazi ya studio ya Dynamix, ilipata bahati kama hiyo milimani. Wachezaji waligundua kwamba kubonyeza kitufe cha kuruka mfululizo wakati wa kushuka mlima huondoa msuguano, na mteremko mzima hugeuka kasi. Ramani zake kubwa, ambazo zingechosha kwa miguu, zikawa za kuteleza kwa kasi kubwa na kurushiana visahani vinavyolipuka. Kosa likawa ndilo gemu yenyewe: matoleo yaliyofuata yalijengwa kwa ajili ya kuteleza tangu mwanzo. Counter-Strike ilifuata njia nyingine, ikambana anayerukaruka, nayo ilikuwa sahihi pia, maana utamu wake ni kusikiliza nyayo na kungoja kwenye kona.

Je, wajua ni nini kilitokea gemu ya risasi ilipojaribu kusema ukweli mtupu? Ilikuwa 1998, na gemu yenyewe ni Trespasser, iliyotungwa kutokana na hadithi za Jurassic Park. Aliyeiongoza, Seamus Blackley, alitoka kwenye fizikia ya chembe. Kila sanduku lilikuwa na uzito wake. Dinosaria hawakuwa na mienendo iliyochorwa mapema. Injini ilihesabu miguu yao hatua kwa hatua. Hakukuwa na alama ya kulengea katikati ya skrini, wala mstari wa afya, ila chale ya moyo kifuani mwa mhusika, ambayo mchezaji alilazimika kuinama aione. Mkono wa kulia uliongozwa na kipanya, kiwiko hadi kiganja. Kuokota bastola tu kulikuwa kazi. Dinosaria waliyumba, masanduku yakanasana, bunduki zikagonga fremu za milango zikaanguka. Wakosoaji waliikataa. Ndoto ilikuwa kubwa na ya kweli, na nasikitika kila nikikumbuka ilivyotangulia zana zake. Blackley alikwenda Microsoft akawa mmoja wa waasisi wa Xbox.

Miaka miwili baadaye, studio ya IO Interactive ya Denmark ilichukua njia ya mkato iliyofaulu. Katika Hitman: Codename 47, Thomas Jakobsen alitumia hesabu inayobeba jina la Loup Verlet, mwanafizikia wa Ufaransa aliyeitumia mwaka 1967 kufuatilia molekuli. Badala ya kutunza kasi ya kila kiungo, programu hutunza mahali kilipo na mahali kilipokuwa, kisha huvuta viungo hadi urefu wa mifupa urudi sawa. Si sahihi kabisa, lakini haivurugiki hovyo, na kompyuta za wakati ule ziliimudu. Kabla ya hapo, katika gemu nyingi, adui aliyepigwa alianguka kwa namna ileile iliyochorwa, mara nyingi mguu ukipenya ukuta. Sasa aliyepigwa juu ya ngazi aliserereka ngazi kwa ngazi, na hakuna maanguko mawili yaliyofanana.

Je, wajua kwamba bunduki moja ya kubuniwa haifyatui risasi, na bado ni miongoni mwa silaha zinazokumbukwa kuliko zote? Ni ile ya Half-Life 2 ya Novemba 2004, inayovuta vitu na kuvirusha. Nyuma yake kulikuwa na injini ya Havok, iliyozaliwa Dublin mwaka 1998 kutoka Chuo cha Trinity, ambayo Valve waliifinyanga upya. Ustadi wa gemu hii ulikuwa katika mafunzo yake. Kwanza unakutana na ubao juu ya egemeo, na matofali kando: panga matofali upande mmoja, upande wa pili unainuka, unapita. Ni wenzo, somo la darasani. Baadaye, katika mji wa Ravenholm, risasi ni haba lakini misumeno ya duara imetapakaa, na wewe una mkono unaorusha. Kufikia hapo hakuna anayehitaji kuambiwa la kufanya. Kila pipa, kila radieta, kila mlango uliong'oka umekuwa risasi.

Gemu hiyohiyo ilitoa kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2013, wahandisi wa Valve walipokuwa wakiihamishia kwenye miwani ya uhalisia pepe, gemu ilikwama karibu na mwanzo. Mlango uliopaswa kufunguka haukufunguka. Wakakusanya tena programu ya 2004 bila kubadili neno: nayo ikakwama. Chanzo kilikuwa kidole cha mguu. Askari mmoja alisimama karibu mno na mlango, na mlango ulimgonga kidole. Mwaka 2004 alisukumwa, akageuka kidogo sana, mlango ulipojaribu tena ukapita. Lakini hesabu za zamani zilifanywa kwa tarakimu za biti 80, na programu iliyokusanywa upya ilitumia hesabu fupi zaidi. Tofauti hiyo ndogo kabisa ilimfanya askari ageuke pungufu ya alivyogeuka zamani. Kidole kikabaki njiani, na mchezaji akabaki amefungiwa. Dawa yake ilikuwa kumsogeza askari nyuma kidogo.

Kampuni ya Ageia iliuza mwaka 2006 kadi maalumu ya kuhesabu fizikia peke yake. Vifusi viliongezeka, moshi ukawa mzito, nguo zikapepea. Haikudumu, NVIDIA iliinunua 2008. Tatizo lilikuwa wazi. Mbunifu hawezi kumweka mchezaji nyuma ya kifusi ambacho mwenzake asiye na kadi hakioni. Kwa hiyo fizikia yote ile ya ziada ilibaki kuwa urembo, na urembo hauchezeki.

Kubomoa kwa kweli kuna masharti yake. Studio ya Volition, ilipotengeneza Red Faction: Guerrilla ya 2009, iligundua kwamba majengo yaliyochorwa na wasanii wake yalianguka yenyewe kabla mchezaji hajayagusa, kwa kuwa injini ilipima uzito na nguzo hazikutosha. Wasanii ikabidi wajifunze kujenga. Na mtandaoni jambo ni zito zaidi, maana ukuta ulioanguka kwako na kusimama kwangu ni gemu mbili. Embark Studios ya Stockholm, katika The Finals ya Desemba 2023, ilihamishia hesabu za ubomoaji kwenye seva, ili kila bamba la zege lianguke mahali pamoja kwa wote. Hapo ndipo ubomoaji ulipogeuka mbinu. Timu inaweza kujichimbia ghorofani na mashine ya kuwekea fedha, ikalinda ngazi zote na madirisha yote, na wapinzani wasiguse ngazi wala dirisha. Wanalipua dari kutoka chini, na mashine inawaangukia miguuni.